Kidole Tumbo, Kabla ya Kisu

Katika mji wetu mambo yote yalijulikana baadaye. Kengele ya mvua ililia watu wakiwa wameshaloa. Daraja lilikaguliwa likishaanguka, na wakaguzi wakapongezwa kwa kuziona nyufa zote. Mtu akishazikwa ndipo majirani walipokumbushana kwamba alikuwa anakonda, kwamba alikuwa anakaa peke yake, kwamba siku ile ya arusi hakula. Hatukuona ajabu. Wazee wetu waliishi hivyo na sisi tukaishi hivyo, na aliyeuliza swali kabla ya wakati wake aliambiwa ana kiherehere.

Mimi, Sikitu binti Mwalami, nilikuwa mmoja wa watu wachache sana walioajiriwa kujua kabla. Nilikuwa nikitazama matumbo ya watu kwa mashine ya mawimbi ya sauti, katika hospitali iliyo juu ya kilima, daktari akiwa bado hajashika kisu. Kazi hiyo niliifanya miaka thelathini na mmoja. Jina nilipewa na bibi yangu. Mama aliponizaa aliteseka sana, na kila alipopiga kelele bibi alimwambia, si kitu, mwanangu, si kitu. Nikalibeba neno hilo mpaka kazini, maana wengi waliolala kwenye kitanda changu niliwaambia hilohilo: si kitu, mama, si kitu, baba, nenda nyumbani, kunywa maji mengi.

Nilikuwa nimechoka. Uchovu wa miguu naujua, unakwisha mtu akilala. Huu wangu ulikuwa wa macho yaliyotazama ndani mno. Kwenye kioo cha mashine binadamu hana uso. Ana ini, ana figo, ana vivuli vinavyopumua. Hakuna tajiri, hakuna mwizi, hakuna mama wa fulani. Ikafika mahali nikikutana na mwanamke sokoni, akinisalimu, naikumbuka nyongo yake na jina lake silipati. Chumba changu hakikuwa na dirisha, na siku zake hazikuwa na mpaka. Niliweza kuingia Jumatatu, nikatoka nikakuta watu wanatoka sala ya Ijumaa, nami sikumbuki nilikula nini katikati. Wakati mwingine nilitazama tumbo la mtu nikajiuliza kama nimeshalitazama mwaka jana, au nitalitazama mwaka ujao.

Kati ya viungo vyote, kimoja kilinikosesha raha: kidole tumbo. Nilikitazama kwa miaka na kila mara nilijiuliza, kidole hiki kinamnyooshea nani? Kimejificha kule chini upande wa kulia, mwanzoni mwa utumbo mpana, kama mgeni wa arusi aliyesahauliwa ukumbini watu wameshaondoka. Wanaojua wanasema kina kazi ndogo, au kazi yake imekwisha. Basi kitu ambacho kazi yake imekwisha kina haki gani ya kuwepo? Na kama hakina haki ya kuwepo, nani amekipa uwezo wa kuua?

Kwa sababu kinaua. Mara nyingi kinavimba tu, kinatunga usaha, kinakatwa, mtu anarudi shambani. Lakini mara moja katika mamia, kidole hicho kinakuwa na jambo lake. Kimoja kinajikunja ndani yake kama mkono wa shati ulioingizwa ndani. Kingine kinaota punje ya uvimbe kwenye ncha. Kingine kinajaa ute mzito kama wa bamia, taratibu, mwezi baada ya mwezi, mpaka kinakuwa kifuko chembamba kilichojaa pomoni. Hicho ndicho nilichokiogopa kuliko vyote. Kikitolewa kizima, mtu amepona. Kikipasuka mkononi mwa daktari, ule ute unamwagika tumboni, unashika kila unapogusa, unaendelea kuzaana. Na ubaya ni kwamba vidole vyote hivi, cha kawaida na kisicho cha kawaida, vinalia kwa sauti moja: maumivu chini, kulia. Ndiyo maana mji wetu ulivijua tumbo likishafunguliwa.

Fomu ya hospitali nayo ilikuwa mtoto wa mji huo. Ilikuwa na visanduku viwili tu vya kutia alama. Cha kwanza: KIDOLE TUMBO. Cha pili: SI KIDOLE TUMBO. Hapakuwa na mstari wa tatu.

*

Bi Mwatime alikuja mwenyewe, kwa miguu, bado amevaa aproni. Alikuwa mpishi mkuu wa hospitali, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono iliyobabuka kwa mvuke. Sisi sote tulikuwa tumekula uji wake. Akapanda kitandani kwa taabu, akafunua tumbo.

"Maumivu yalianza lini, Bi Mwatime?"

"Wakati wa mahindi mabichi. Yakaondoka. Yakarudi. Yana tabia ya paka, yanakwenda kutembea halafu yanarudi kulala palepale."

"Miezi yote hiyo hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani, dada yangu? Watu mia mbili wanasubiri uji. Leo ndiyo yamenikunja mpaka nikaangusha mwiko. Daktari Lugome kanibonyeza mara moja tu, kasema kidole tumbo, kinatoka leoleo. Kasema nije kwako kwa ajili ya karatasi."

Kwa ajili ya karatasi. Nikampaka jeli ya baridi, nikaweka kifaa pale chini kulia, nikabonyeza kidogo. Nilitarajia kuona kitu nilichokiona mara elfu. Badala yake kikatokea kifuko kirefu, kikubwa kama ndizi ya kisukari, ukuta wake mwembamba. Ndani yake palikuwa na mistari myembamba, mmoja ndani ya mwingine ndani ya mwingine. Nilipima upana. Milimita ishirini na mbili. Kidole tumbo kilicho kizima hakivuki sita au saba.

Mkono wangu ukasimama. Mashine ikaendelea kuunguruma.

Bi Mwatime akageuza kichwa akakitazama kioo. "Ee! Hicho kitunguu nani kakitia humo?"

"Kitunguu gani?"

"Si hicho hapo? Maganda kwa maganda. Mimi nimekata vitunguu miaka ishirini, utanidanganya?"

Hakukosea. Hata sisi tunaosoma picha tunaiita hivyo, alama ya maganda ya kitunguu. Ukiyaona maganda hayo kwenye kidole tumbo kilichotanuka, fikiria ute kwanza.

"Tulia kidogo, Zamda," nikamwambia.

"Mimi Mwatime."

"Samahani. Bi Mwatime. Tulia nipime tena."

Nikapima tena. Ishirini na mbili. Nikachukua fomu na kalamu. Sikuweka alama kwenye kisanduku chochote. Pembeni, kwenye ukingo mweupe wa karatasi, niliandika kwa herufi kubwa: KIFUKO CHA UTE. KISIPASUKE. APIGWE SKANI KUBWA KWANZA. Nikampa muuguzi aipeleke ofisi ya mafaili, ifike kwa daktari. Kisha nikaita mgonjwa mwingine, maana benchi lilikuwa limejaa.

*

Zamda alikuwa mdogo wangu. Ninaeleza sasa, kwa sababu ndani yangu jina hilo lilikuwa limeshatoka na halikutaka kurudi.

Miaka saba kabla ya siku ile, kama miaka ya chumba kile inahesabika, Zamda alilala kwenye kitanda kilekile. Nilikuwa nimetazama watu arobaini siku hiyo. Niliyaona maganda. Niliyaona wazi. Nikajiambia labda ni kivuli, labda ni macho yangu, labda nikisema nitaambiwa nikae naye mpaka jioni, na benchi je? Nikaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Wakamfungua, kikapasuka, wakamfunga. Daktari wa wakati ule alisema, sasa tumejua. Zamda aliishi miaka mitatu zaidi, tumbo likijaa na kukamuliwa, likijaa na kukamuliwa. Kila Jumamosi nilikwenda kumkanda miguu. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mtu anayejua baadaye husamehewa na kila mtu. Anayejua kabla akanyamaza, huyo anaitwaje? Nimetafuta neno lake katika lugha yetu na sijalipata. Labda hatukulitunga kwa sababu hatukudhani mtu wa namna hiyo angekuwepo.

*

Baada ya wagonjwa wanne nilitoka kwenda kunywa maji. Nikapita mbele ya ofisi ya mafaili. Karani alikuwa mezani na mkasi mkubwa, mbele yake fomu za siku hiyo. Alikuwa anakata kingo za karatasi, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayekata kucha za mtoto. Chini ya meza kulikuwa na rundo la vipande virefu vyeupe.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Mafaili mapya ni membamba, Bi Sikitu. Fomu hazienei. Kinachozidi tunakata."

Niliinama. Sikuhitaji kutafuta sana. Mwandiko wangu ulikuwa juu ya rundo: KISIPASUKE.

"Faili la Bi Mwatime liko wapi?"

"Lilishakwenda thieta. Na mwenyewe pia. Kisanduku kilikuwa kitupu, nikakusaidia kutia alama. Kidole tumbo, si ndivyo?"

Nakumbuka korido, ndefu kuliko nilivyoijua, na milango ya wodi ikipita kama kurasa. Nilikuwa na miaka hamsini na minane na magoti mabovu, na nilikuwa nakimbia na kipande cha karatasi mkononi. Kwenye kona moja nilijiona kama ninayemkimbilia Zamda. Kwenye kona ya pili nilikuwa mimi Zamda, nimelazwa chali, nasubiri kuona kama dada yangu atatokea. Kwenye kona ya tatu nikawa mwanamke mzee anayehema.

Thieta, kwenye chumba cha upasuaji, walikuwa wamemlaza Bi Mwatime kwenye kitanda cha magurudumu, aproni imevuliwa, nywele zimefungwa kwa kofia ya kijani. Mtu wa dawa ya usingizi alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Daktari Lugome alikuwa ananawa mikono. Ni mtu mrefu, mpole, sina ubaya naye. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amesimama tangu alfajiri.

"Bi Sikitu? Kuna nini?"

"Usimfungue."

"Karatasi yako inasema kidole tumbo."

"Karatasi yangu imekatwa. Hiki hapa kilichokatwa."

Alikisoma kipande kile kwa sauti, bila kukigusa, mikono yake ikidondosha maji. Akashusha pumzi.

"Nina matumbo saba yananingoja. Tumbo likifunguliwa litasema lenyewe."

"Hili likisema litakuwa limeshamwagika."

"Una hakika?"

"Sina," nikasema. "Nina shaka. Lakini shaka langu lina milimita ishirini na mbili, na lina maganda."

"Ningekuwa nasimamisha kisu kwa kila shaka, mama yangu, nisingekata mtu hata mmoja."

"Ukikata kwa tundu dogo, ukakivuta kama unavyovuta vingine, kitapasuka."

"Unajuaje?"

Nilijua kwamba nikijibu swali lile, jibu halitarudi ndani tena. Mtu wa dawa alikuwa ananitazama. Wauguzi wawili walikuwa wananitazama. Na Bi Mwatime, chali, alikuwa ananitazama.

"Kwa sababu nilikiona kama hiki kwa mdogo wangu, na sikusema. Niliona, nikatia alama kwenye kisanduku, nikaita mgonjwa mwingine. Kilipasuka. Mlisema hakuna aliyejua. Mimi nilijua."

Kisha kitanda kikalia. Bi Mwatime alikuwa anajiinua kwa viwiko, shuka likimteleza.

"Daktari," akasema, "hii skani kubwa iko wapi?"

"Hospitali ya bondeni. Itakuchukua siku mbili, na maumivu hayo, Bi Mwatime. Na kama ni kidole tumbo cha kawaida kinaweza kuharibika zaidi. Lazima nikwambie."

"Umeniambia. Na yeye kaniambia. Sasa nani anaamua?"

Daktari akafunga bomba la maji.

"Mimi ndiye mwenye tumbo," Bi Mwatime akasema. "Nimekiona kile kitunguu kwa macho yangu. Niteremsheni."

Walimteremsha. Daktari Lugome alikausha mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja. Alipita karibu yangu na sikusikia hasira kwake. Nilichokisikia ni kile ninachokisikia kwangu kila asubuhi, mwili unaoomba kuachwa.

"Kama umekosea, Bi Sikitu..."

"Najua."

*

Siku zile mbili zilikuwa ndefu kuliko miaka ile thelathini na mmoja. Bi Mwatime alipewa dawa za kuzuia maambukizi, akalazwa kwenye gari la wagonjwa, akapelekwa bondeni. Joto la mwili wake lilipanda jioni ya kwanza, likashuka asubuhi. Nami nikaendelea kutazama matumbo. Si kitu, baba. Si kitu, mama. Niliogopa nimekosea, na niliogopa sijakosea. Kama nimekosea, basi maganda hayana uhakika, na hata kwa Zamda sikuwa nimejua kweli, na mimi nina amani. Niligundua kwamba kuna pembe ndani yangu iliyokuwa inaomba niwe nimekosea. Mwanamke mwenye homa kule bondeni, na mimi naomba amani yangu. Mtu anapojitazama ndani bila mashine, hiki ndicho anachokiona.

Picha zilirudi siku ya tatu, adhuhuri, na Bi Mwatime pamoja nazo. Daktari Lugome alikuja nazo chumbani kwangu. Hakuwahi kuingia mle. Akavuta kigoda akaketi.

"Nionyeshe," akasema.

Tukatazama pamoja. Kifuko kilikuwa pale, kimejitenga, kimejaa. Kwenye ukuta wake palikuwa na mstari mweupe mwembamba, kama chokaa iliyogandia kwenye birika.

"Hakijapasuka," nikasema. "Pembeni pote pasafi. Hakuna majimaji."

"Ningekivuta," akasema. "Kwa tundu dogo. Ningekivuta kama vile vingine."

Alinyanyuka, akaniambia kesho asubuhi atamfungua kwa mkato mrefu, na kama nina nafasi nije nisimame ukutani.

Nilisimama ukutani. Alifanya kazi kwa utaratibu ambao wauguzi hawakuuzoea kwake, walikuwa wanatazamana. Alizungushia vitambaa pande zote, akakiinua kifuko kama mtu anayebeba yai lililotagwa bila ganda, kwa vidole viwili na kiganja. Hakukibana, hakukivuta. Alikata chini yake, akakishusha ndani ya chombo. Kilikuwa kizima. Kiling'aa, cha rangi ya maziwa, na kilitikisika kidogo kisha kikatulia. Nilikitazama kile kidole kisicho na kazi na sikukichukia. Kilikuwa kimejaa tu, hakikuwa na mahali pa kutolea.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku tisa. Uvimbe wa ute, wa aina isiyo kali, umekatwa wote, hakuna kilichotoka nje. Bi Mwatime aliniita wodini akanishika mkono. Viganja vyake vilikuwa vimelainika kwa kukaa bila moto.

"Yule mdogo wako," akasema, "ana watoto?"

"Mmoja. Msichana. Hidaya. Ameshakuwa mtu mzima."

"Anajua?"

"Hapana."

"Dada yangu, ulisema mbele ya watu wanne. Hapa hospitali watu wanne ni redio."

*

Hidaya alikuja nyumbani kwangu asubuhi ya siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa uani nachagua dengu kwenye ungo. Ni mwalimu wa shule ya watoto wadogo, ana sauti ya chini na mwendo wa mama yake. Alisimama, hakutaka kiti.

"Shikamoo, mama mkubwa." Hata siku hiyo hakuacha kunipa heshima yangu, ila sauti ilimkatika katikati ya neno.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia maneno. Nimekuja kuuliza moja tu. Uliona?"

"Niliona."

"Wazi?"

"Wazi, kama ninavyokuona wewe."

Akatikisa kichwa mara nyingi, kama anayehesabu.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu kwa miaka saba. Kulikuwa na benchi, kulikuwa na fomu, kulikuwa na mji ambao hautaki kuambiwa. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kumpa.

"Nilikuwa nimechoka," nikasema.

"Ulikuwa unakuja kila Jumamosi. Unamkanda miguu. Mimi nilikuwa nakuletea maji ya moto. Ulikuwa unamkanda huku unajua?"

"Ndiyo."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

Alikaa. Si kwenye kiti, alikaa chini kabisa, karibu na ungo, na gauni lake likashika vumbi. Sikuthubutu kumgusa. Alilia bila kujifunika uso, na mimi nililia, kila mmoja peke yake. Kuku wa jirani aliingia akadonoa dengu zilizomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

Baadaye alijipangusa kwa ncha ya mtandio.

"Sijui nikufanyeje," akasema. "Nimetembea njia nzima natafuta neno baya la kukuambia. Kisha nikakumbuka yule mpishi yuko hai."

"Usiyachanganye hayo. La mpishi halilipi la mama yako."

"Halilipi," akakubali. "Alhamisi tunamsomea mama hitima. Ndugu wote watakuwepo. Wajomba, baba, wote. Uje useme mwenyewe. Sitaki kulibeba peke yangu, na sitaki walisikie njiani kama mimi."

"Nitakuja."

"Wakikufukuza sitawazuia."

"Nimekuelewa."

"Na wasipokufukuza, utakaa jikoni na sisi mpaka vyombo viishe."

Akainuka, akakung'uta gauni, akaondoka bila kuniaga. Nilimsikiliza mpaka hatua zake zikamezwa na kelele za barabara. Nyumba ya marehemu Zamda iko mwendo wa robo saa kutoka kwangu. Ilikuwa Jumanne, na sikutaka kungoja Alhamisi. Niliweka ungo pembeni, nikajifunga kanga, nikafunga mlango, nikaanza kwenda.